Nilimwona mtupaji chipukizi kabla ya ligi nzima, kisha mkwe mwenzangu akaja kuniomba nimpe

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa nyumbani na sisi tulioko huku kwenye baridi.

Humu ndani mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika siandiki. Huwa nasoma ubishi wenu, nacheka, naenda kulala. Leo nimeamua kuleta la kwangu. Sijaongeza chumvi, maana binti yangu na mumewe wanapita humu, nikidanganya wataniumbua kabla sijafika katikati.

Kisa chenyewe ni cha fantasy baseball. Ndiyo, besiboli. Msikimbie kwanza.

Kwa wale wa fantasy ya soka, mambo ni yaleyale. Unachagua wachezaji wa kweli, unawapanga kwenye timu yako ya kwenye simu, wakifanya vizuri uwanjani wewe unapata pointi. Kwenye besiboli mwenye pointi nyingi ni mtupaji, yule anayemtupia mpira mwenye rungu. Akimkosesha mpigaji mara tatu, mpigaji anarudi kukaa na wewe unavuna. Akitupa ovyo, mpigaji anapewa njia ya bure na wewe unakatwa.

Mkishajua hayo mnatosha kunifuata. Hata mimi nilianza na hayohayo.

Sasa mama mtu mzima, mzaliwa wa Tabora, ameingiaje kwenye mambo hayo?

Binti yangu Rehema ameolewa na kijana wa Kikongo anaitwa Espoir, kwao Bukavu. Wanakaa Dixon, mtaa wa mji huuhuu wa ughaibuni ninaokaa mimi, kwenye yale maghorofa ya karibu na uwanja wa ndege, ambako ndege ikipita mnanyamaza kwanza ndipo mazungumzo yaendelee. Kijana mpole, mchapakazi, ana ugonjwa mmoja tu, nao ni besiboli. Mimi nakaa Mount Dennis. Mama yake, ambaye ndiye mkwe mwenzangu, yuko North York, upande mwingine wa mji.

Mwaka ulipoanza Rehema akapata ujauzito. Vipimo vya damu vya mapema vikaonyesha ni mtoto wa kike. Hapo ndipo vita ya jina ikaanza.

Kwa mila, kwetu na kwao, mtoto wa kwanza jina linatoka upande wa baba. Nalijua hilo, sikuzaliwa jana. Mama Espoir alitaka Nabintu, jina la mama yake mzazi, na haki alikuwa nayo.

Lakini mwaka uliotangulia mama yangu alifariki Tabora na mimi sikuwahi mazishi. Alikuwa anaitwa Nyamizi. Nilikuwa nataka nilisikie tena jina hilo likiitwa ndani ya nyumba ya watu wangu. Sikuwa na hoja nyingine. Nilikuwa na uchungu tu.

Basi nikawa nampigia Rehema kila siku. Naanza kwa kuulizia kichefuchefu, namalizia kwa jina. Kumbe Mama Espoir naye anamfanyia mwanawe vilevile.

Sisi wawili ana kwa ana hatukubishana hata mara moja. Wakwe hawabishani. Tukikutana kanisani tunashikana mikono yote miwili, tunaulizana hali za watu wa nyumbani mmoja baada ya mwingine, tunaagana. Mishale yote ilipitia kwa watoto.

Watoto wakachoka.

Espoir ana ligi yake ya fantasy na wenzake wa kazini kwenye ghala la mizigo, na msimu ule nafasi mbili zilikuwa wazi. Jumapili moja tukiwa wote mezani kwao Rehema akaweka kijiko chini. Huyu mtoto Kiswahili anakisikia vizuri sana, ila kujibu ni Kiingereza tangu akiwa chekechea.

"Okay. Both grandmas are joining the league," akasema. "Whoever finishes higher picks the name. And nobody calls me about it again."

Nikadhani anatania, ati mabibi tuingie kwenye ligi, atakayemaliza juu ya mwenzake ndiye atoe jina. Nikamtazama Mama Espoir, nikitegemea atakataa ili na mimi nikatae.

Mama Espoir akafuta mdomo kwa kitambaa, akasema, "Sawa. Muzuri."

Na mimi ikabidi niseme sawa.

Espoir akatufundisha mmojammoja, kila bibi siku yake, kama msimamizi wa mtihani anayeogopa tuhuma. Siku ya kuchagua wachezaji mimi nilichagua wale ambao majina yao naweza kuyatamka. Mama Espoir alichagua wanaofanya ishara ya msalaba kabla ya kushika rungu. Mnacheka, lakini ligi ilipoanza timu ya wacha Mungu ilikuwa juu yangu.

Naomba dakika mbili, kuna mtu analia huku.

Nimerudi.

Sasa tuje kwa kijana mwenyewe. Jina lake silitaji, maana nikilitaja tu uzi utageuka ubishi wa takwimu. Nitamwita Soksi, kwa kuwa anavaa soksi amezivuta hadi magotini kama mwanafunzi wa darasa la tatu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, sina zamu kazini, nakunja nguo huku TV inaongea. Timu ya Soksi ilikuwa imeshafungwa vibaya, mechi imekufa, watu wanatoka uwanjani. Wakamwingiza yeye kumalizia, ndiyo siku yake ya kwanza ligi kuu. Hivyo ndivyo wanavyofanya na kijana wasiyemtegemea, wanampa mechi ambayo haiharibiki tena.

Akatupa. Mpigaji akachelewa, akakata hewa.

Akatupa tena. Akachelewa tena.

Wale huwa wanaandika mwendo wa mpira pembeni ya screen. Nikautazama, ulikuwa wa kawaida. Nilishaona wanaotupa kwa kasi kuliko huyo na wanapigwa. Sasa kwa nini watu wazima, wanaolipwa kwa kazi hiyo, wanamchelewea?

Nikaweka shuka chini, nikasogea karibu na TV.

Wakina dada mliokulia bongo mtanielewa. Mnaukumbuka mchezo wa rede? Wawili wanasimama huku na huku na mpira wa matambara, wa katikati anakwepa huku anajaza chupa mchanga. Pale mtaani kwetu kulikuwa na msichana mmoja akiitwa Zuhura. Hakuwa na nguvu. Walikuwepo wenye mikono ya kiume kabisa na tukiwakwepa. Zuhura hakukwepeka. Mpira alikuwa anauficha nyuma ya paja, mkono unachelewa kutokea, na ukija kuuona mpira uko tayari kwenye mbavu zako. Halafu kwa mkono uleule na uso uleule, mara nyingine anautuma taratibu. Umesharuka mapema, unatua, ndipo unakupiga.

Soksi alikuwa Zuhura mtupu.

Mkono wake unajificha nyuma ya mwili mpaka dakika ya mwisho. Na ule wa taratibu ulipokuja, mpigaji alizunguka na rungu mpaka kofia ikamtoka. Nilicheka peke yangu sebuleni.

Nikampigia Espoir palepale. Akaingia kwenye simu yake, akatazama.

"Mama, ni mzuri kutazama," akasema kwa adabu zake zote. "Lakini kule ligi za chini alikotoka anagawa njia za bure sana. Hajui mpira wake unaenda wapi. Ungesubiri kidogo."

Na niseme ukweli, hakukosea. Mimi nilimchukua hivyohivyo. Alikuwa hana mwenyewe kwenye ligi yetu, nikamwacha mchezaji mmoja mkongwe niliyempendea jina tu, nikamweka Soksi.

Wiki zilizofuata nilijuta. Walianza kumpanga aanze mechi, akawa anagawa njia za bure kama sadaka. Pointi zangu zikashuka nikashika mkia. Espoir kwa kuwa ni mkwe wangu hawezi kunicheka usoni, kwa hiyo nikienda kwao mechi ikionyeshwa alikuwa anakwenda kucheka jikoni. Namsikia, anafungulia maji.

Nilikaribia kumtupa. Kilichonizuia ni kimoja. Nilikuwa simtazami yeye, nawatazama wapigaji. Hata siku aliyoharibu, hakuna aliyekuwa anampiga sawasawa. Walikuwa wanapewa njia, hawaipati kwa rungu lao. Nikajiambia huyu akijua tu pa kulenga, kazi imekwisha.

Mwezi wa sita akajua.

Siku hiyo alikosesha watu mfululizo mpaka watangazaji wakaishiwa maneno. Espoir akanipigia, akasema "Mama," akasema tena "Mama." Akakata simu. Kuanzia hapo kila Soksi akipanda kutupa, mimi navuna. Nikatoka mkiani, nikawapita vijana wa ghala mmojammoja, nikampita na Mama Espoir. Wale vijana ambao mwanzo walikuwa wananiita auntie kwa huruma wakaanza kunitumia ofa za kubadilishana. Nilizikataa zote kwa raha kabisa.

Jina la Nyamizi nilikuwa nalisikia mlangoni.

Sasa sikilizeni mambo ya wakwe.

Mtupaji mkubwa wa Mama Espoir akaumia kiwiko, msimu wake ukaishia hapo. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kengele ikalia kwangu. Ni Mama Espoir, amevaa kitenge cha sherehe, ameshika bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, limefunikwa. Kutoka North York hadi kwangu ni basi na treni na basi, na mama yule magoti yanamsumbua. Nikajua hili si la kupita tu.

Nikamkaribisha. Akala kidogo kama wanavyokula wakwe, akabakiza. Tukaulizana hali za watu wote hadi wa Bukavu na Tabora. Kisha akaweka mikono mapajani.

"Mama Rehema, miye nimekuja na ombi."

"Karibu, Mama Espoir."

"Mutupaji wangu, mukono umeharibika. Minaomba unipatie ule kijana yako wa masoksi."

Nyie mliozaliwa juzi mtasema si ukatae tu. Kwetu sisi mkwe hasemi ombi ovyo. Akishafunga safari, akaketi, akatamka neno ombi kwa mdomo wake, huna pa kupitia. Ukikataa hujamkatalia mchezaji, umemkatalia yeye, na mwanao ndiye anayekaa katikati yenu maisha yake yote. Yeye analijua hilo. Mimi nalijua. Na ninyi mkiwa wakwe mtalijua.

Je, alinifanyia ujanja? Nimejiuliza sana. Nadhani ujanja ulikuwepo kidogo, na shida ya kweli nayo ilikuwepo. Na yeye alikuwa na mama yake wa kumlilia.

"Mchukue," nikasema.

Hata bei sikutaja. Kwenye simu mtandao ukagoma, unataka na yeye atoe mtu, haukubali zawadi. Akanipa mzee mmoja wa karibu kustaafu, akaniambia nisihofu, huyo mchezaji anaomba Mungu sana.

Vijana wa ghala walipoona ile biashara wakachachamaa. Kwenye ligi hizi wengine wakiona wizi wanaweza kupiga kura kuuzuia. Wakasema hawa bibi wawili wamekula njama. Espoir ilibidi awaeleze wakati wa chakula cha mchana, na anasema ilimchukua muda wote wa chakula. Kuna mmoja Mfilipino na mwingine Mjamaika, hao ndio waliomwokoa. Waliposikia neno mama mkwe walisema basi, waacheni.

Rehema ndiye hakunisamehe. Alikuja na tumbo lake mpaka Mount Dennis.

"Mum, you literally gave her the name."

Nikamwambia najua jina nimelitoa.

"Then why?"

Nikamwambia ukizaa utaniuliza tena. Akaondoka amenuna, lakini sombe aliimaliza yote kwanza.

Wakuu, niliumia. Sitawaficha. Usiku ule nilimwomba mama yangu radhi kwa sauti, peke yangu jikoni, kama mtu aliyerukwa na akili.

Kilichonishangaza ni kwamba sikuweza kumchukia Soksi. Kila alipopanda mimi nipo kwenye TV, roho juu, namwombea alenge vizuri, na kila anayemkosesha ni pointi ya kunizika mimi. Nilimwona nikiwa wa kwanza. Hisia ya namna hiyo haihami pamoja na mchezaji.

Siku moja mechi ikiendelea simu ikaita. Mama Espoir.

"Mama Rehema, kwa nini leo anatikisa kichwa? Iko mugonjwa?"

Nikamweleza hapana, anakataa ishara ya mwenzake anayemdakia mpira, hataki kutupa ule wa taratibu. Mpigaji akakosa, Mama Espoir akacheka kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho. Nami nikacheka.

Tangu hapo akawa ananipigia kila Soksi akianza, halafu simu zikawa hazitoshi, akawa anakuja. Kitenge cha sherehe akakiacha kwake. Siku ya kwanza alipovua viatu akainua yale magoti yake kwenye kochi langu nilijua huyu sasa si mgeni. Nikamfundisha rede kwa maneno, akaniambia na wao walikuwa na mchezo wao. Tukaongea mambo ya mama zetu, hata walivyokuwa wakituita. Jina la mtoto hatukuligusa.

Msimu ukaisha. Mama Espoir akawa juu yangu. Si kwa mbali, lakini juu ni juu. Yule mzee anayeomba sana hakunipa kitu cha maana, Mungu amweke. Nikampigia kumpongeza, akasema "Aksanti, Mama Rehema," na sauti yake ikawa ya wakwe tena, nzito nzito.

Mjukuu akazaliwa majani yakiwa yanageuka rangi. Nilikwenda hospitali kutoka zamu ya asubuhi, sijala. Njiani nilikuwa najizoeza kusema Nabintu bila kukunja uso. Nabintu, Nabintu. Ni jina zuri, nililiambia basi zima kimoyomoyo.

Nimeingia nikakuta Rehema amelala amechoka, Espoir amesimama anatabasamu kama aliyepigwa na jua. Mama Espoir yuko kwenye kiti karibu na dirisha, ameshampakata mtoto. Hakuinuka. Hakuanza na habari za nyumbani.

Akamwinamia mtoto, akaita, polepole:

"Matilda."

"Abee," nikaitika.

Imenitoka kabla sijafikiri. Rehema akafungua macho.

Wakuu, Matilda ni mimi. Ni jina langu la ubatizo. Tangu nifike nchi hii mimi ni Mama Rehema, kazini wananiita Mama R. Aliyekuwa ananiita Matilda, kwa kuvuta namna ile, nikaitika abee popote nilipo, alikuwa mmoja tu, na yuko Tabora udongoni.

Nikakaa chini. Sikuwa na kiti, nilikaa kitandani kwenye miguu ya mwanangu, nikalia.

Nilipoweza kuongea nikamuuliza kwa nini. Nabintu je? Mama yako je?

"Ule kijana ulimuona wewe," Mama Espoir akasema. "Miye nilipokea tu."

Akanyanyua mikono, akanipa mtoto.

Mjukuu anayeitwa kwa jina lako ni wajina wako, na wajina hana utani na wewe. Huyu wangu sasa hivi yupo mapajani, ndiye aliyekuwa analia hapo juu, naandika kwa kidole kimoja. Mama Espoir yuko jikoni kwangu anafungua makabati bila kuuliza.

Sasa mnaotaka funzo, la besiboli ni hili. Ukitaka kumjua mtupaji chipukizi, usikodolee mwendo wa mpira, mtazame anayetupiwa. Miguu yake itakuambia kabla ya takwimu. Lakini na takwimu msizidharau, Espoir alikuwa sahihi kuhusu njia za bure, nami nilipona kwa kuwa kijana alijirekebisha.

La wakwe sina funzo. Mimi nilitoa kwa kubanwa, si kwa wema, msinisifu. Nilichopewa sikukiomba na sikujua kama nakihitaji.

Karibuni mseme yenu. Wenye wakwe, wenye timu, na hasa wakina dada waliocheza rede, nataka kujua nani alikuwa Zuhura wa mtaani kwenu. Na yule atakayekuja kusema ningekataa ombi, aandike kwanza kama ameoa.